Probu Inang'aa, Gesi Haipo: Utatuzi wa Matatizo ya Kupima NO, H2S na CO Ndani ya Seli Hai, kwa Maabara za Mtwara na Lindi

Probu za mng'ao, yaani kemikali zinazong'aa zikikutana na gesi inayotafutwa, zinazotumika kupima nitriki oksaidi (NO), haidrojeni salfaidi (H2S) na kaboni monoksaidi (CO) ndani ya seli hai zina tabia moja ambayo katalogi huiandika kwa herufi ndogo: karibu zote hazirudi nyuma. Molekuli ikishang'aa, imeng'aa. Kwa hiyo unachokiona kwenye hadubini si gesi iliyopo sasa hivi. Ni jumla ya kila kitu kilichoigusa probu tangu kichupa kifunguliwe: gesi, mwanga, unyevu, madini ya kwenye maji, na kwa huku kusini wakati mwingine hata salfa iliyopulizwa kwenye mikorosho. Ndiyo sababu tunashauri msako uanzie kwenye kichupa, uende kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH kubadilika), kisha kwenye hadubini. Seli ziwe za mwisho kushukiwa.

Mfano mkuu hapa ni DAF-FM DA ya kupimia NO, kwa kuwa wengi huanza nayo. Inachochewa kwa mwanga wa nanomita 495 na kutoa mwanga wa nanomita 515, hivyo filta za kawaida za kijani zinatosha.

Kwanza, mirija minne isiyo na seli

Tengeneza bafa ya HEPES milimola 20, pH 7.4, kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana mabaki ya klorini, na ya visima huwa na chuma na chumvi. Maji ya betri ya dukani nayo usiyatumie, usafi wake haujulikani, na chupa inayofanana nayo kwenye rafu hiyohiyo huwa ni asidi. Asidi ikikutana na salfaidi ya sodiamu chumba kizima kinajaa H2S.

Kila mrija uwe na mililita 1 ya bafa. Wa kwanza uache bafa peke yake. Wa pili tia probu ifikie maikromola 5. Wa tatu tia probu na DEA NONOate maikromola 10, ambayo ni kemikali inayotoa NO. Wa nne ni wa probu iliyofunguliwa kwa alkali: changanya probu maikromola 50 kwenye maikrolita 100 za NaOH milimola 10, acha dakika 30 gizani, ongeza maikrolita 900 za bafa, kisha tia DEA NONOate kama ulivyofanya wa tatu. Funika yote kwa karatasi ya alumini kwa nusu saa, halafu soma.

Wa kwanza uking'aa, kosa liko kwenye bafa au chombo. Wa pili uking'aa, probu imeshaathirika kabla hujaitumia. Wa tatu ndio wenye habari nyingi. DAF-FM DA imezibwa kwa asetati mbili, na ikiwa bado imezibwa haipaswi kung'aa hata NO ikiwepo. Uking'aa sana, unyevu umeshazifungua asetati ndani ya kichupa, na probu ya namna hiyo haiwezi tena kupenya utando wa seli. Wa nne ndio unaotakiwa kuwaka. Usipowaka, ama probu imekufa ama DEA NONOate imekwisha.

Kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, pima DEA NONOate. Myeyusho mama wa milimola 10 kwenye NaOH milimola 10 ukiuzimua mara 100 kwa NaOH hiyohiyo unapaswa kusoma takriban 0.65 kwenye nanomita 250, kwa kuveti ya kwatsi ya sentimita 1. Ukisoma 0.2, tatizo limepatikana. Kemikali hii ikishaingia kwenye pH 7.4 nusu yake huisha ndani ya dakika 16 hivi kwenye nyuzi 22 hadi 25, na ndani ya dakika 2 tu kwenye nyuzi 37. Chumba cha Mtwara kisicho na kiyoyozi kiko katikati ya hapo. Ikae kwenye alkali, juu ya barafu, na iingie kwenye bafa mwishoni kabisa. Kwa jaribio la saa kadhaa, tumia spermine NONOate, ambayo nusu yake huchukua kama dakika 39 kwenye nyuzi 37.

Seli hazing'ai kabisa

Sababu ya kwanza ni unyevu. DMSO, kiyeyushi cha probu, hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa maji. Kichupa kinachotoka kwenye jokofu la nyuzi hasi 20 na kufunguliwa papo hapo hutoa jasho ndani kama inavyotoa jasho chupa ya soda, na maji hayo ndiyo yanayokata asetati. Kiweke kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli kwa nusu saa, kifikie joto la chumba, ndipo ukifungue. Agiza probu ikiwa unga, siyo myeyusho, maana unga huvumilia vizuri zaidi safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara. Miligramu 1 ya DAF-FM DA kwenye maikrolita 403 za DMSO kavu inakupa milimola 5. Igawe kwenye vichupa vidogo, maikrolita 10 kila kimoja, na kila kimoja kitumike mara moja tu.

Umeme nao. Jokofu linaweza kuzima usiku kucha na kuwaka tena kabla hujafika kazini, ukakuta kila kitu kigumu kama ulivyokiacha. Weka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, na vichupa vyako navyo vilipata joto.

Sababu ya pili ni kupakia probu vibaya. Serumu ina esteresi, vimeng'enya vinavyokata asetati, ambazo huikata probu nje ya seli, na albumini inayoishika isiingie. Osha seli mara mbili kwa bafa yenye kalsiamu na magnesiamu, pakia bila serumu: maikrolita 1 ya myeyusho mama kwa mililita 1 ya bafa, yaani maikromola 5 na DMSO asilimia 0.1. Subiri dakika 30, osha, kisha subiri dakika nyingine 20 hadi 30 ili esteresi za ndani zimalize kuifungua. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Sababu ya tatu, taa ya hadubini. Taa ya zebaki ya wati 100 hupoteza nguvu baada ya saa 200 hivi, na inahitaji dakika 15 hadi 30 kutulia. Umeme ukikatika, usiiwashe ikiwa ya moto. Ngoja nusu saa. Kujua taa na filta kama ni nzima, tazama tone la fluoresini maikromola 1 kwenye bafa ya pH 9 na uandike mwangaza wake kila siku ya kazi, kwa muda uleule wa kamera. Huna fluoresini? Vile vijikaratasi vya rangi ya chungwa vya kliniki za macho ni fluoresini. Havitakupa kipimo cha maikromola, lakini vitakuambia kama taa inafanya kazi. Picha ikiwa na ukungu na nyuzinyuzi zenye matawi, kuna kuvu kwenye lenzi. Hadubini ya pwani ilale kwenye kabati lililofungwa lenye silika jeli, na silika hiyo ikaushwe kila inapobadilika rangi.

Ya nne haihusu vifaa: seli zenyewe huenda hazitoi NO. Makrofaji za RAW 264.7 zilizochochewa kwa LPS (sumu ya ukuta wa bakteria) zinahitaji saa 12 hadi 24 kutengeneza kimeng'enya chenyewe kinachotoa NO, yaani NOS. Kutazama baada ya saa moja ni kupoteza probu.

Kila kitu kinang'aa, hata seli zisizochochewa

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa sababu picha ya kijani inafurahisha na hakuna anayependa kuihoji. Kwa maoni yetu picha isiyo na mng'ao ni salama kuliko hii, maana hiyo angalau inakulazimisha utafute kosa.

Anza na seli ambazo hazijatiwa probu. Nyakati nyingi rangi nyekundu ya fenoli na riboflavini zilizomo kwenye chakula cha seli ndizo unazoziona. Badilisha uende kwenye bafa isiyo na rangi. Ukiwa hapo kumbuka kwamba chakula chenye bikaboneti kikikaa nje ya inkubeta ya CO2 hupanda pH, na mitungi ya CO2 si kitu cha kupatikana kila wiki. HEPES milimola 20 inaokoa. DAF-FM haijali pH ikiwa juu ya 5.5, lakini DAF-2 iliyotangulia huanza kufifia pH ikishuka chini ya 7. Ukilinganisha seli zenye asidi na zisizo na asidi kwa DAF-2, unalinganisha pH.

Halafu ielewe kemia yenyewe. NO haishikani na DAF moja kwa moja. Lazima kwanza ikutane na oksijeni, itoke N2O3, na hiyo ndiyo inayobadilisha probu kuwa triazoli inayong'aa. Matokeo yake ni mawili. Seli zilizonyimwa oksijeni zitaonekana hazina NO hata kama zinayo. Na seli zenye msongo wa oksidisheni zinaweza kuigeuza DAF kuwa radikali inayoinasa NO kwa urahisi zaidi, hivyo mng'ao ukapanda wakati NO ni ileile. Ukitia H2O2 ukaona kijani kimeongezeka, usiandike kwamba H2O2 imeongeza NO.

Adui mwingine ni asidi ya dehidroaskobiki, ambayo ni vitamini C iliyooksidishwa. Hushikana na DAF na kutoa mng'ao unaofanana sana na ule wa NO. Kwenye seli za mimea, ambako vitamini C ni tele, hili haliepukiki, labda ulithibitishe kwa njia nyingine. Kipimo cha Griess cha nitriti, kinachosomwa kwenye nanomita 540, ni cha bei nafuu na kinafaa hapa. Seli zikitoa NO kwa wingi, nitriti itaonekana nje. Kijani kikiwa kikali na Griess ikasoma sifuri, amini Griess hadi ithibitike vinginevyo. Seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu zisihukumiwe hivyo, hutoa NO kidogo mno na Griess haifiki huko.

Mng'ao unapanda kadiri unavyotazama

Hii ni kazi ya taa. Chukua seli zisizochochewa, piga picha 20 mfululizo, halafu sogeza sahani kwenye eneo ambalo halijaguswa na mwanga. Eneo jipya likiwa hafifu kuliko la zamani, mwanga wenyewe umeiwasha probu. Punguza taa kwa filta za kijivu hadi asilimia 5 au 10, fungua shata wakati wa picha tu, na tafuta fokasi kwa mwanga wa kawaida.

Probu za H2S za jamii ya azidi ndizo zinazoathirika zaidi. Azidi hugeuka amini kwa H2S, lakini mwanga wa urujuanimno nao huivunja bila H2S yoyote. AzMC inachochewa kwenye nanomita 365, yaani mwanga unaoisoma ndio huohuo unaoiharibu. Tunaipenda kwenye kisoma-sahani, ambako mwanga ni wa kufumba na kufumbua. Chini ya hadubini hatuipendekezi.

Kizuizi kimewekwa, mng'ao haupungui

Angalia mpangilio wa hatua zako. Ukipakia probu kwanza na kutia L-NAME, kizuizi cha NOS, baadaye, kilichokwisha kung'aa kitabaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Tia L-NAME milimola 1 kwa saa moja kabla ya probu, na iendelee kuwepo wakati wa kupakia.

Kisha angalia ajinini, malighafi ambayo NOS huitumia kutengeneza NO. L-NAME inagombea nafasi moja nayo kwenye kimeng'enya, na chakula cha seli cha RPMI 1640 kina ajinini zaidi ya milimola 1, karibu mara tatu ya DMEM. Kizuizi kilichofanya kazi kwenye DMEM kinaweza kushindwa kwenye RPMI kwa sababu hiyo tu. Weka pia D-NAME, pacha wa L-NAME asiyezuia kimeng'enya, kwenye sahani jirani. Ikishusha mng'ao sawasawa na L-NAME, basi hakuna NOS iliyozuiwa.

Na cPTIO? Watu huitia kuinasa NO wakitarajia giza, wakapata kijani zaidi. Haina uchawi: cPTIO ikiinasa NO hutoa NO2, na NO2 ikikutana na NO iliyobaki inatengeneza N2O3 ileile inayoiwasha DAF. Kwa hiyo usiitumie cPTIO kama hakimu wa DAF.

Nukta nukta, au mng'ao unaovuja

Nukta kali zilizotapakaa hata pasipo na seli ni probu iliyoganda bila kuyeyuka. Changanya maikrolita 1 ya myeyusho mama na maikrolita 1 ya Pluronic F-127 (aina ya sabuni laini) ya asilimia 20 kabla ya kutia kwenye mililita 1 ya bafa. Nukta zikiwa ndani ya seli, probu imejikusanya kwenye vifuko. Pakia kwenye nyuzi 22 hadi 25 badala ya 37, na hapa kiyoyozi ni sehemu ya vifaa. Seli za duara zinazowaka kuliko zote mara nyingi zimekufa, zihakiki kwa propidiamu yodidi, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Mng'ao ukihamia kwenye bafa baada ya nusu saa, seli zinaitapika probu. Probenesidi milimola 1 huzuia. Yeyusha kwa NaOH, kisha rudisha pH hadi 7.4.

H2S: kilichomo kwenye mrija sicho kilichoandikwa kwenye daftari

Malalamiko ya kawaida ni kwamba leo maikromola 100 zinawaka, kesho hata 500 haziwaki. Probu haina kosa. H2S hutoroka. Kwenye pH 7.4, kati ya humusi na theluthi moja ya salfaidi yote iko katika hali ya gesi, nyingine ni HS–. Gesi inapoondoka, HS– hugeuka kuijazia nafasi, na kisima cha sahani kilicho wazi hupoteza nusu ya salfaidi kwa dakika chache. Joto na feni vinaharakisha. Zima feni.

Tumia fuwele za Na2S (salfaidi ya sodiamu) zenye maji tisa, siyo NaHS ya bei rahisi ambayo mara nyingi imechafuka. Fuwele nzuri haina rangi. Ikiwa ya njano ina polisalfaidi (minyororo ya salfa), nazo zina kemia yake. Suuza fuwele kwa sekunde chache kwa maji yaliyokenekwa, kausha kwa karatasi, pima miligramu 24 kwa mililita 1 upate milimola 100. Jaza mrija hadi juu pasibaki hewa, weka kwenye barafu, tumia ndani ya saa hiyo. Tia DTPA maikromola 100 kwenye bafa ili kushika chuma na shaba, maana ndivyo vinavyoharakisha kuoksidishwa kwa salfaidi. Kuhakiki, zimua hadi maikromola 100 kwenye bafa ya borati ya pH 9.5 na usome nanomita 230. Inapaswa kuwa karibu 0.77.

Na2S ni alkali. Ukiitia kwa milimola 1 kwenye bafa dhaifu, pH inapanda, na probu yenye asili ya fluoresini hung'aa zaidi kwa pH peke yake. Weka kontroli ya NaOH yenye pH sawa, na kontroli ya Na2S iliyoachwa wazi usiku kucha.

Probu za H2S za jamii ya disalfaidi kama WSP-1 na WSP-5 huliwa na glutathioni, ambayo ndani ya seli iko kati ya milimola 1 na 10. Inapoliwa haiwaki, inaisha tu. Mng'ao hafifu basi unaweza kumaanisha glutathioni nyingi, siyo H2S kidogo. Lolote linaloongeza au kupunguza glutathioni litakudanganya.

Fanya haya penye kabati la kuvuta hewa au dirisha pana. Usitegemee pua. H2S ikizidi, pua hupoteza uwezo wa kuinusa kabla hujajua uko hatarini.

Majani ya mkorosho

Kwa wanaofanya kazi na magonjwa ya korosho, eneo ambalo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kimelishikilia kwa miaka mingi, kuna mtego ambao vitabu vya ng'ambo havitautaja. Mikorosho hupulizwa unga wa salfa kuzuia ubwiri unga. Salfa hiyo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kuosha jani hakuiondoi yote, na ikikutana na glutathioni hutoa H2S na polisalfaidi. Jani la mti uliopulizwa litang'aa bila seli zake kufanya lolote. Upepo nao huipeperusha hadi kwenye miti ambayo mwenyewe anaapa hakuipuliza. Jipime hivi: osha jani kwa bafa, ondoa jani, tia glutathioni milimola 1 na probu kwenye maji yaliyobaki. Yakiwaka, salfa ipo. Tumia miche ya kitalu iliyokua mbali na mashamba yanayopulizwa.

Klorofili hung'aa nyekundu kuanzia nanomita 650 hivi, kwa hiyo filta ya kutokea iwe ya ukanda wa 500 hadi 550, siyo inayoruhusu kila kitu juu ya 515. Majani machanga yenye wekundu yana rangi inayonyonya mwanga wa kijani, nayo hufanya mng'ao uonekane mdogo. Kukata jani kwenyewe huamsha NO na H2O2, basi vipande vielee kwenye bafa ya MES milimola 10 na KCl milimola 50, pH 6.1, kwa saa moja hadi mbili kabla ya probu. Jani la mkorosho ni gumu kuchuna ngozi. Jizoeze kwanza kwa mmea wa Commelina, ambao ngozi yake hutoka kirahisi.

CO

COP-1, probu ya CO, hutumia paladiamu, hupakiwa kwa maikromola 1 kwa nusu saa, na inasomwa kwa filta za kijani. Matatizo yake mengi hayatokani nayo bali na CORM-2 na CORM-3 zinazotumika kama chanzo cha CO. Hizi ni kemikali za ruthenia, na ruthenia yenyewe hushambulia thioli na hata baadhi ya probu bila CO kuhusika. Kontroli ya CORM iliyokwisha nguvu inasaidia kidogo tu, maana ruthenia bado imo. Ukiweza, tumia CORM-A1, isiyo na metali hiyo, au maji yaliyojazwa gesi ya CO.

Wengine huuliza kama moshi wa jenereta dirishani unaweza kuwasha probu. Hewa yenye CO sehemu 100 kwa milioni huacha takriban maikromola 0.1 kwenye maji, kiasi kidogo mno kwa COP-1, lakini kibaya kwa mtu anayekaa humo kutwa nzima. Jenereta isogezwe kwa ajili ya mtu.

Kuhusu himi oksijenesi, kimeng'enya kinachotengeneza CO ndani ya seli: kizuizi chake ZnPP kinang'aa nyekundu chenyewe na kinaharibiwa na mwanga, na hemini inayotumika kuamsha kimeng'enya hunyonya mwanga wa probu. Osha seli mara tatu baada ya hemini, na piga picha ya ZnPP bila COP-1 kwa muda uleule wa kamera, uitoe kwenye hesabu.